Kutengeneza kapasita ya polima inayoshika data, na kujua kama haikudanganyi

Kama ushawahi kuchoma CD basi ushatumia memori ya kikaboni, hata kama hukuwaza hivo. CD tupu ya kuandikia ina tabaka jembamba la rangi ndani yake, sayanini au ftalosayanini, vitu vilivyojengwa kwa kaboni, na leza ya nanomita 780 ikipita inaibabua ile rangi inaacha alama, kwaiyo neno kuchoma liko sahihi kabisa pale. Ila ukishachoma umechoma, hakuna kurudi. Leo nataka tutengeneze kitu kingine: kapasita ndogo ya polima inayoandikwa kwa umeme, inafutwa, inaandikwa tena, alafu unachomoa waya unaenda kulala na asubuhi unaikuta data yako.

Niseme mapema, kutengeneza si ndo kazi ngumu. Kazi ngumu ni kujua kama ulichonacho mezani ni memori kweli au ni uvujaji wa umeme uliovaa sura ya memori. Nusu ya maelezo haya yako kwenye kupima kwa sababu hiyo, na kama una haraka ruka popote pengine lakini usiruke pale.

Uchague nini

Wengi wanaanza na ile ya kubadili ukinzani. Unaweka polima yoyote kati ya metali mbili, unapandisha volti taratibu, ghafla mkondo unaruka mara elfu, ukizima na kuwasha unakuta bado uko juu, watu wanapiga picha ya grafu. Vifaa vya hivo vya kweli vipo, mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na kampuni ya HP walionyesha memori ya kuandika mara moja wakitumia PEDOT, polima inayopitisha umeme, kama fyuzi, na kazi ile ilikuwa safi. Lakini kwa anayeanza, mara nyingi kilichoruka si polima. Ni uzi mwembamba wa metali uliopenya kwenye kitundu cha utando, na polima imesimama pembeni inatazama tu. Ukitaka kujua, tengeneza seli za ukubwa tofauti (seli ni pale metali mbili zinapokutana na polima iko katikati): kama mkondo wa hali ya juu hauongezeki seli ikiwa kubwa, basi umeme unapita sehemu moja tu, kwenye ule uzi. Pasha joto kidogo pia, metali ikipata joto ukinzani wake unapanda, na polima nyingi zinazopitisha umeme zinafanya kinyume chake.

Mimi nakushauri uanze na feroelektriki, yaani kitu kinachobaki na chaji upande uliokigeuzia hata ukiondoa umeme, na yetu ni polima ya P(VDF-TrFE), kwa sababu moja kubwa: ina namba. Utando uliotengenezwa vizuri unabaki na chaji ya maikrokulombi 7 au 8 kwa kila sentimita mraba baada ya kuondoa volti, na ili kuipindua unahitaji uga wa kama megavolti 50 kwa mita. Ukipata maikrokulombi 30 hujavumbua kitu, umekosea vipimo. Ile ya ukinzani haikupi namba ya kukushika mkono namna hiyo.

Ndani yake inafanyaje kazi? Mnyororo wa PVDF una kaboni moja yenye floraini mbili, inayofuata ina haidrojeni mbili, hivo hivo hadi mwisho. Floraini inavuta elektroni upande wake, kwaiyo kila kipande cha mnyororo kina upande hasi na upande chanya. Ukiweka uga wa umeme wa kutosha vipande vinageukia upande mmoja vyote, ukiondoa uga vinabaki vimegeuka. Upande huu ni 1, upande ule ni 0. Heiji Kawai wa Japani ndo alionyesha mwaka 1969 kwamba PVDF ina tabia kali ya kutoa umeme ikikandamizwa, na mengine yakafuata hapo. Tatizo la PVDF peke yake ni kwamba ikipoa kutoka kuyeyuka inajipanga kwa namna ambayo pande zinafutana, hadi uivute kwa nguvu ndo inanyooka. Ukichanganya na TrFE, ambayo ina floraini moja zaidi, mnyororo unakosa nafasi ya kujikunja na unanyooka wenyewe. Nunua unga wa 70:30, ndo rahisi kufanya nao kazi.

Kioo na elektrodi ya chini

Chukua kioo chenye tabaka la ITO, ile oksidi ya indiamu na bati inayopitisha umeme na mwanga pia. Tunataka mistari ya upana wa milimita 1. Funika kwa tepu sehemu unazotaka zibaki, nyunyiza unga wa zinki juu ya zilizo wazi, dondoshea asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, sugua kidogo kwa pamba ya kijiti, suuza. Fanya ndani ya kabati la kufyonza mvuke na glavu na miwani, na kusiwe na moto karibu kwa sababu inatoka gesi ya haidrojeni. Ukimaliza pima kwa multimita, kati ya mstari na mstari isisome chochote.

Bandika ile tepu kwa kuisugua ukingoni na kucha mpaka isiwe na kipovu hata kimoja. Asidi ikiingia chini ya tepu, ukingo wa ITO unabaki na meno meno kama msumeno, na utando wetu una nanomita mia na kitu tu, jino moja likisimama linautoboa na seli inakuwa shoti. Seli nyingi zinafia pale ukingoni, siyo katikati.

Kuosha sasa: sabuni, maji yaliyoondolewa madini, asetoni, isopropanoli, dakika 10 kila kimoja kwenye beseni la altrasoniki, alafu kausha kwa naitrojeni. Kujua kama kimetakata angalia pale kwenye maji, yakiteremka kwenye kioo yanatandaa kama shuka moja yasipasuke pasuke. Yakikimbia na kujikusanya matone, mafuta bado yapo, rudia. Kama una mashine ya ozoni ya UV malizia na dakika 15 humo.

Mchanganyiko na kuzungusha

Miligramu 40 za unga kwa kila mililita 1 ya sikloheksanoni ni pa kuanzia, siyo sheria. Koroga kwa sumaku kwenye joto la digrii 50 au 60 usiku mzima, asubuhi iwe angavu kama maji, ukiona nyuzi nyuzi au ute bado haijayeyuka. Chuja kwa filta ya PTFE ya maikromita 0.45, ukiweza pitisha tena kwenye 0.2.

Kwanini sikloheksanoni wakati wengi wanatumia butanoni au DMF? Unyevu. Vile viyeyushi viwili vinapenda maji, na siku hewa ikiwa na unyevu mwingi vinayavuta ndani ya utando wakati unakauka, polima inaganda kabla ya wakati wake, unapata utando mweupe kama maziwa wenye vitundu visivyohesabika. Sikloheksanoni inakauka taratibu na haichangamani na maji kirahisi hivo, kwaiyo inakusamehe. Utando ukitoka na ukungu hata kidogo tupa, usijaribu kuuokoa kwa kuoka.

Kwenye mashine ya kuzungusha, mwaga mchanganyiko ufunike kioo chote kwanza, ndo uwashe, mizunguko 2500 kwa dakika, sekunde 60. Usidondoshee kioo kikiwa kinazunguka.

Hapa nikwambie habari ya vumbi. Utando wangu wa kwanza kabisa niliuona mzuri ukiwa mezani, nikauinua chini ya taa nikauinamisha, nikaona nukta ndogo yenye mkia mrefu unaoelekea ukingoni, kama nyota inayoanguka, alafu nyingine, alafu nyingine tena, nikahesabu 11 kwenye kioo cha sentimita 2. Kila nukta ni punje ya vumbi iliyokaa pale, mchanganyiko ukawa unaizunguka badala ya kupita juu yake, na nyuma yake pakabaki pembamba. Nikaendelea hivo hivo maana nilishapoteza siku mbili na roho ilikuwa inauma kutupa. Seli 16, zilizopona 2. Tangu hapo natazama kila kioo chini ya taa ya pembeni kabla ya kumwaga na baada ya kuzungusha, na nikiona mikia zaidi ya miwili naosha naanza upya. Vumbi lenyewe lilikuwa linatoka kwenye mkono wa koti langu la maabara, lile la pamba lililochakaa, nilipobadilisha koti mikia ikapungua mara moja.

Kabla ya kuoka, chovya pamba ya kijiti kwenye kiyeyushi ufute polima kwenye ncha za ITO utakapounga waya.

Kuoka ni digrii 135, saa mbili, alafu acha ipoe polepole juu ya hotipleti yenyewe. Saa hizo ndo fuwele zinakua, bila kuoka utando haushiki kitu cha maana. Usizidishe joto. Polima hii inayeyuka karibu na digrii 150, na ikiyeyuka juu ya kioo alafu ikapoa, fuwele zinajipanga vibaya na chaji inashuka sana, kwa macho hutaona tofauti yoyote. Hotipleti nyingi zinadanganya digrii 10 hivi, weka kipimo cha joto juu ya uso wenyewe, usiamini namba ya kwenye kitufe. Na mabaki ya polima hii usiyatupe kwenye moto hata siku moja, ikiungua inatoa haidrojeni floraidi, gesi ya hatari sana.

Elektrodi ya juu

Alumini, kwa kuivukiza ndani ya vakyumu kupitia kibati chenye nafasi za milimita 1 zinazokatiza mistari ya ITO. Shusha presha hadi paskali 0.0001. Anza taratibu, nanomita 0.1 kwa sekunde kwa zile nanomita 10 za kwanza, ndo upandishe hadi 0.5, simama ukifika 100. Atomu za alumini zinafika na joto, ukizimwaga kwa wingi mwanzoni zinapenya kwenye polima.

Kama huna mashine ya kuvukiza, tone la galiamu-indiamu linaweza kukusaidia, ni metali iliyo kimiminika kwenye joto la chumba, unaitua juu ya utando kwa ncha ya sindano. Utapata kitanzi cha kuangalia (ni grafu ya chaji na volti, tutaifikia kwenye kupima) ila eneo la mguso hutalijua vizuri, kwaiyo namba zako zitakuwa za kukadiria. Rangi ya fedha usipake juu ya seli, kiyeyushi chake kinakula utando.

Na sindano ya kupimia usiitue juu ya makutano! Alumini ni nanomita 100 na polima chini yake ni hivo hivo, sindano inazama kama kijiti kwenye siagi. Acha mstari wa alumini utokeze hadi mahali ambapo chini hakuna ITO, pale ndo unagusa, na hapo rangi ya fedha ruksa.

Kupima, hapa tukae

Anza na kapasitansi, kabla ya kuweka volti kubwa yoyote. Seli ya milimita 1 mraba yenye unene wa nanomita 100 inatakiwa isome karibu nanofaradi 0.9, nikichukua kwamba namba ya dielektriki ni 10 hivi. Ikisoma 0.45 utando wako una nanomita 200. Wasio na mashine ya kupima unene wanaweza kutumia njia hii, ndo maana nimesema ule mchanganyiko wa miligramu 40 si sheria: pima, alafu punguza au ongeza. Unene unakwambia volti utakazohitaji. Kwa megavolti 50 kwa mita, nanomita 100 inapinduka kwenye volti 5 na kujaa vizuri unaipa 10, nanomita 200 unaanza kuhitaji 20, na jenereta nyingi za mawimbi zinaishia 10 kila upande.

Saketi yenyewe ni ya zamani, Sawyer na Tower waliitumia 1930. Jenereta inaingia kwenye seli, seli inafuatiwa na kapasita ya kumbukizi kwa msururu (hii ni ya kawaida, ya kulinganishia tu, siyo ile inayoshika data), alafu kwenye ardhi. Osiloskopu unaiweka kwenye XY: X ni volti ya jenereta, Y ni volti ya juu ya kapasita ya kumbukizi. Chaji ni Y mara kapasitansi hiyo. Tumia nanofaradi 470, wimbi la pembetatu, hezi 100. Ukigeuza seli yetu kutoka upande mmoja hadi mwingine inatoa nanokulombi 140 hivi, kwaiyo Y itasogea kama volti 0.3, na volti karibu zote zinabaki kwenye seli.

Ile kapasita ya kumbukizi iwe ya plastiki, polipropilini au poliesta. Usichukue ya seramiki ya kawaida, nyingi zina bariamu titaneti ndani, nayo ni jamaa ya feroelektriki na kapasitansi yake inabadilika na volti. Utakuwa unapima seli yako kwa rula inayonyumbuka.

Anza na volti 3, panda moja moja. Mwanzo utaona mstari ulioinama tu, hiyo ni kapasita ya kawaida. Ukipita volti 5 au 6 mstari unafunguka unakuwa kitanzi, na ukifika 10 ncha zake zinakuwa kali na bapa, kama herufi S mbili zilizogusana vichwani na miguuni. Ukipata kitanzi kilichovimba chenye ncha za mviringo kama yai, huo ni uvujaji.

Usidharau hilo yai. Mwaka 2008 mwanafizikia James Scott aliweka elektrodi kwenye ganda la ndizi akalipima, na ganda likatoa kitanzi kinachofanana na vingi vilivyokuwa vinachapishwa kama ushahidi wa feroelektriki. Ganda la ndizi halishiki data, linavujisha umeme tu. Kwaiyo kitanzi peke yake hakitoshi, fanya na haya.

Badilisha masafa: hezi 10, 100, 1000. Kitanzi cha uvujaji kinanenepa sana ukishusha masafa kwa sababu umeme unapata mda mrefu wa kupita. Cha kweli kinasogea kidogo tu pembeni, urefu wake unabaki karibu ule ule.

Toa kapasita ya kumbukizi weka rezista ya kiloomu 1, sasa unaona mkondo wenyewe. Memori ya kweli inaonyesha kilima mkondo unapopita kwenye volti ya kupindua, alafu unashuka hata kama volti bado inapanda, kwa sababu vipande vimeshageuka vyote. Uvujaji haushuki hivo, unafuata volti hadi kileleni. Kile kilima ndo kitu ninachokitafuta kwanza siku hizi kabla hata ya kitanzi.

Alafu jaribio la mapigo. Toa pigo hasi moja la kuandaa, kisha mapigo mawili chanya, kisha mawili hasi. Pigo chanya la kwanza linabeba chaji ya kupindua pamoja na uvujaji na kapasitansi ya kawaida, la pili linabeba hivo viwili vya mwisho tu maana seli imeshapinduka. Toa la pili kwenye la kwanza. Kinachobaki ndo chako. Kama kinachobaki ni sifuri, ulikuwa na ndizi.

Ukishapata hilo unaweza kuandika biti. Pigo la volti +10 ni 1, -10 ni 0. Kusoma unatoa +10 ukiwa umemaliza chaji ya kapasita ya kumbukizi kwanza: kama ilikuwa 1 utaona milivolti 20 hivi, kama ilikuwa 0 utaona milivolti 300 na ushee. Tofauti hiyo huhitaji kifaa cha gharama kuiona. Ila ukumbuke kusoma kumeifuta ile 0, inabidi uiandike tena, na ndo tabia ya kapasita za aina hii zote. Ukitaka kusoma bila kufuta unahitaji transista ambayo polima inakaa kwenye geti lake, hiyo ni safari nyingine.

Kwenye kioo chenye seli nyingi zinazokatizana, seli ambazo hujazichagua ziwe zinapata theluthi ya volti tu. Ukiwapa majirani nusu, kwa pigo moja hutaona madhara, kwa mapigo elfu kadhaa utaona jirani ameanza kugeuka.

Pima seli zote, siyo ile moja nzuri. Andika ngapi ni shoti, ngapi zinavuja, ngapi zina kilima. Kioo chenye seli 16 ambapo 12 zinafanana ni kazi kubwa kuliko kioo chenye seli moja ya ajabu.

Na ya kushika data: andika, chomoa waya, weka kioo kwenye boksi lenye silika jeli, mbali na joto, maana karibu na digrii 100 vipande vinapoteza mpangilio na kila kitu kinafutika. Soma seli ya kwanza baada ya dakika 1, nyingine baada ya 10, nyingine 100, nyingine 1000, na kila seli soma mara moja tu kwa sababu ya kule kufuta. Dakika 1000 ni saa 16 na dakika 40, kwaiyo ukiandika saa kumi na moja jioni unasoma kesho yake saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi. Kabla ya kugusa chochote andika kwenye daftari unachotarajia, milivolti 20 au 300, ndo ubonyeze pigo.